Rili ya Kurudi

Vijana wenzangu wa chumba cha mashine,

Mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ndiye anayehitaji kujua ni saa ngapi. Nimeitundika jikoni na ninawashukuru. Siku ile mmoja wenu aliniuliza ni filamu gani iliyonishangaza kuliko zote katika miaka yangu ya kazi. Nilicheka nikasema nitaandika, kwa sababu keki ilikuwa inaliwa na jibu lenyewe haliendi na keki. Sasa nina nafasi. Vyeo sitavizungumzia. Vilikuwa viwili, na cha pili kilikuja na kiti chenye mguu mbovu.

Nilianzia Thika, miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka kuomba kazi kwenye kiwanda cha magome ya miti ya miwati, wakaniambia nirudi mwezi ujao. Nilipopita nyuma ya jumba la sinema nikamkuta Kalasinga mmoja mwenye kilemba cha kijani akihangaika kuteremsha sanduku la chuma kutoka kwenye gari. Hakuniuliza jina. Alisema, "Wewe, shika huku," nikashika. Hiyo ndiyo barua ya ajira pekee niliyowahi kupewa na kampuni ile ya sinema.

Jina lake lilikuwa Gurdial, sisi tukimwita Fundi. Ndiye aliyekuwa dereva, mwendesha mashine, na mtengenezaji wa kila kilichoharibika, pamoja na cherehani ya mke wa mwenye jumba. Alasiri ile kulikuwa na onyesho. Alinipandisha ngazi hadi kwenye chumba cha mashine, chumba chenye joto la kuokea mkate, akaniambia, "Nyoosha mkono pale." Nikauingiza mkono kwenye mwanga unaotoka kwenye lenzi. Vivuli vikaanza kukimbia juu ya kiganja changu, vingine vyeupe, vingine vyeusi, na mkono ukapata joto kidogo. Huko chini watu wakapiga kelele, kwa maana nilikuwa nimemfunika bibi harusi uso mzima. Fundi akacheka hadi akakohoa. Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia mkono wangu, nikijua kwamba kiwanda cha miwati hakitaniona tena.

Alinifundisha kazi kwa masikio kabla ya macho. "Mashine nasema," alikuwa akiniambia. "Wewe nyamaza, sikia." Nikajua mlio wa filamu inayopita vizuri na mlio wa filamu ambayo matundu yake ya pembeni yameanza kuraruka. Alinifundisha kuacha kitanzi juu ya dirisha la mashine na kingine chini yake, maana kitanzi kikipotea picha inarukaruka kama mtu mwenye kwikwi. Alinifundisha kukwangua filamu iliyokatika kwa wembe na kuiunga kwa gundi inayonuka, na kushikilia pumzi wakati wa kuunga. Nyinyi mnaobonyeza kitufe mnaweza kupumua mnavyotaka.

Kulikuwa na kitu kimoja alichonikataza kabisa. Mashine ndogo ya sinema tuliyoibeba kwenye gari kwenda mashambani ilikuwa na swichi pembeni ya kuiendesha filamu kinyumenyume, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Filamu zetu zilikuwa za kukodi, zimechakaa, zimeshapita mikononi mwa watu wengi kabla ya kufika Thika, na zikirudishwa kinyume taa ikiwaka, meno ya mashine yangeweza kuzitafuna. "Hii hapana gusa," Fundi alisema. "Hata mimi mwenyewe hapana gusa."

Kazi ya gari ndiyo niliyoipenda. Wenye mashamba ya kahawa na mkonge walikuwa wakiikodi kampuni yetu iwaonyeshe vibarua wao sinema siku za Jumamosi. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya Kizungu ikipigana na Mau Mau. Mkutano wowote ulihitaji kibali, na giza likiingia ilikuwa kafyu, kila mtu ndani. Kwa hiyo sisi tulionyesha sinema mchana. Tulipewa ghala la kahawa, tukaziba madirisha kwa magunia na mablanketi, tukatandaza shuka nyeupe ukutani, na watu wakaketi juu ya magunia matupu katika harufu ya kahawa kavu. Mlinzi mwenye bunduki alisimama mlangoni. Mimi nilishika maikrofoni nikieleza kwa Kiswahili kinachosemwa kwenye picha, na pale nilipokwama nikamalizia kwa Kikuyu.

Tulikuwa na mashine moja tu, kwa hiyo kila rili ikiisha ilibidi tusimame, tutoe gurudumu hilo, tupachike lingine. Hapo ndipo watu walipozungumza. Walibishana juu ya waliyoyaona, wakabashiri yajayo, na wengine wakawekeana dau la mahindi ya kuchoma. Na mwisho wa onyesho ilikuwa desturi yetu mimi kuuliza kwenye maikrofoni, "Mmeonaje?" Mwenye kampuni alitaka kujua. Filamu iliyosifiwa aliikodi tena, iliyozomewa ikarudishwa Nairobi na treni ya Jumatatu. Kwa hiyo mimi, pamoja na kubeba masanduku, nilikuwa mkusanyaji wa maoni, na naweza kuwaambia kwamba hakuna kazi inayomfunza mtu adabu haraka kuliko hiyo.

Sasa nafika kwenye filamu yenyewe. Jina lake la Kizungu lilikuwa refu, watu wetu wakaiita Ile ya Nyota. Asubuhi moja mtu anatoka nyumbani kwake, mke wake amemwekea mkono mgongoni kama anayemsindikiza. Wanakumbatiana uwanjani. Anapanda ngazi ya chombo kirefu cha chuma, mlango unafungwa, moto unatoka chini, na chombo kinapaa hadi kinakuwa nukta. Anasafiri kati ya nyota, anafika kwenye moja yenye maji na miti na hakuna mtu. Halafu chombo kinakataa kuwaka. Mke wake amebaki kwenye redio akisikiliza sauti ya mumewe, na kila siku sauti inafifia, mpaka siku moja inabaki redio tu ikinguruma. Mke anakwenda dirishani na kutazama juu. Mwisho.

Tuliionyesha kwanza jumbani Thika, kwa familia za wenye maduka. Walishangaa moto, wakashangaa nyota, lakini mama mmoja wa Kihindi alinishika mkono akitoka, amekasirika kweli. "Bwana anaacha bibi, anakwenda juu kabisa, na hapana imba hata wimbo moja?" Nilimwambia nitapeleka malalamiko. Kwenye shamba la mkonge mkataji mmoja aliuliza kuni za moto ule ziliwekwa wapi, maana chombo chenyewe ni chembamba. Mzee wa kanisa alitaka kujua yule mtu alipopita mbinguni alipita mlango gani na kwa nini hakusalimia, na hilo likagawa ghala pande mbili hadi tukachelewa kuweka rili inayofuata. Mzee mwingine alingoja kelele zitulie. "Hiyo nyota aliyoshuka, aliomba ruhusa kwa nani?" aliuliza. "Nyinyi mnasema haina mwenyewe. Hiyo maneno ya haina mwenyewe mimi nimeshaisikia." Mlinzi akakohoa. Maoni hayo sikuyafikisha kwa mwenye kampuni, nilimwambia tu kwamba wazee wameipenda.

Halafu tukaenda Ruiru, shamba moja la kahawa upande wa Gatongora. Tulikuwa tumewahi kufika huko na picha ya wapanda farasi, na kabla ya kuanza msimamizi wa shamba akatuamuru turuke rili moja, kwa sababu ndani yake vibarua walikuwa wanampiga tajiri wao. Tukairuka. Watu hawakuwa wajinga. Farasi mweusi alikuwa amegeuka mweupe na mtu mnene amevunjika mkono bila sababu, wakaenda nyumbani wakinung'unika kwamba kuna rili iliyobaki kwenye gari.

Ghala la shamba hilo lilikuwa na mabati ya zamani, yaliyotobolewa na misumari iliyohamishwa mara nyingi. Tulipoziba madirisha na giza likakaa, yale matundu yote yakawaka juu yetu. Sikuyatia maanani, niliona ni kasoro tu, mwanga wa kuharibu picha. Lakini rili ya pili ilipoanza, na shuka ikajaa nyota, nikasikia watu wakivuta pumzi. Nyota za kwenye shuka na zile za kwenye mabati zilikuwa kitu kimoja. Hukuweza kuona ukuta unaishia wapi. Tulikuwa tumekaa ndani ya picha, sisi na magunia yetu. Mtu mmoja akamtaja Mungu polepole, "Ngai." Nilisahau kuwa nina maikrofoni. Fundi, aliyekuwa ameiona filamu ile mara nyingi, alikuwa ameinua uso kama wengine, kilemba kimeegemea nyuma, mdomo wazi. Mpaka leo nikisema neno kushangaa, nakumbuka ghala lile.

Picha ikaisha. Mke dirishani, redio ikinguruma. Nikauliza, "Mmeonaje?"

Akasimama mama mmoja niliyemfahamu, Mama Wanjiru, mchuma kahawa ambaye siku zote ndiye aliyetuletea maji ya kunywa. Mume wake alikuwa amechukuliwa kwa lori asubuhi moja pamoja na wanaume wengine wa kambi ya vibarua, na hakuna ofisi iliyokubali kumwambia amepelekwa kambi gani ya kizuizini, wala kama yu hai. Hayo kila mtu mle ghalani aliyajua, na mlinzi pia.

"Sinema haijaisha," akasema.

"Imeisha, mama. Wameandika pale mwisho."

"Mimi sijui kusoma, lakini kitu haijaisha najua. Ile ya farasi pia mlisema imeisha, na rili mlikuwa mmeficha kwa gari."

"Ĩĩ, ni kweli," watu wakaitikia.

"Safari hii hatujaficha kitu," nikasema. "Mtu mwenyewe hakurudi."

"Nani alisema hakurudi? Wewe umesikia redio imenyamaza, basi unasema hakurudi?" Sauti yake haikupanda. "Mlituonyesha akienda. Moto tumeona, moshi tumeona, bibi yake tumeona akilia. Sasa mtuonyeshe akirudi. Hata mimi Baba Wanjiru nilionyeshwa akienda. Nimechoka kuonyeshwa watu wakienda."

Wanawake waliokuwa karibu naye wakasimama pia. Mlinzi akahamisha bunduki bega. Alikuwa kijana wa hapo hapo Ruiru na aliona haya, lakini alikuwa na kazi yake. "Mama, kaa chini," akasema.

"Sikai. Nangoja rili."

Niliogopa, nawaambieni wazi. Ghasia katika ghala maana yake ilikuwa kibali kufutwa, na kwa mwanamke kama yeye, ambaye mume wake tayari alikuwa kwenye daftari la serikali, ilikuwa kupakiwa kwenye lori na yeye. Nilikuwa nafungua mdomo kumsihi wakati Fundi aliponigusa kiwiko.

"Kariuki. Rili ya kwanza wapi?"

"Sandukuni. Bado sijairudisha mwanzo."

"Usirudishe. Lete hivyo hivyo."

Nilimpa. Akaipachika chini badala ya juu, akaipitisha filamu kwenye meno ya mashine kuanzia mkiani, akapima vitanzi vyake kwa kidole, taratibu, kama mtu anayemfunga mtoto vifungo vya shati. Akanyonga kitufe cha sauti hadi sauti ikazimika. "Wewe usiseme kitu," akaniambia. Kisha akaweka kidole kwenye ile swichi aliyosema hataigusa.

Juu ya shuka kulikuwa na anga tupu na nukta moja. Nukta ikakua. Ikawa chombo, kinashuka na mkia mbele, na moshi uliokuwa umetapakaa kila mahali ukaanza kukusanyika, ukijikunja, ukirudi chini yake. Moto ukaingia ndani ya chuma kama maji yanayonywewa. Chombo kikakaa ardhini bila mtikisiko. Hakuna sauti ila mashine, na mimi nilikuwa nasikia kila tundu likipita, nikimwona Fundi ameshikilia ukingo wa filamu kwa vidole viwili apate kuhisi ikianza kuraruka.

Mlango ukafunguka. Mtu akatoka.

Watu wale wakatoa sauti. Haikuwa kelele. Ilikuwa kama kila mmoja alikuwa amebeba mzigo na wote wakautua kwa pamoja. Mtu akashuka ngazi, akaja uwanjani kwa mgongo, hatua kwa hatua, bila kutazama anakokwenda. Mke alikuwa pale analia, na machozi yakapanda mashavuni yakarudi machoni, uso wake ukakauka. Wakakumbatiana. Kisha wakaenda wote wawili kinyumenyume hadi mlangoni kwao, mkono wa mke ukiwa mgongoni mwa mumewe, ukimwongoza. Wakaingia. Mlango ukafungwa.

Hapo Fundi akazima taa.

Tulikaa gizani na yale matundu ya mabati juu yetu. Sikuuliza mmeonaje. Mzee mmoja ndiye aliyesema, "Sasa imeisha," na watu wakaanza kuinuka, wakiongea chini chini kama watu wanaotoka kanisani. Mlinzi akafungua mlango na kugeukia nje, akitazama mibuni.

Mama Wanjiru alikuja kwenye mashine. Alimshukuru Fundi kwa mikono miwili. Kisha akaniuliza, na macho yake yalikuwa ya mtu anayetaka jibu la kweli, "Lakini mbona anatembea na mgongo?"

Mimi nilijua sababu. Iko kwenye swichi. Lakini kabla sijasema akajibu cucu mmoja, bibi kizee aliyekuwa anakunja gunia lake. "Ametoka mbali. Anaangalia kama hiyo mahali inamfuata."

Mama Wanjiru alifikiri kidogo. "Ĩĩ," akasema, akaenda zake.

Tulipokuwa tunarudi Thika nilimuuliza Fundi kwa nini alivunja sheria yake mwenyewe, na filamu si yetu. Alinijibu tulipokuwa tunavuka daraja. "Filamu nakatika, mimi naunga. Ile mama nakatika, nani naunga?" Usiku huo aliipitisha rili nzima vidoleni, akaniambia haikuchanika hata tundu moja. Mwenye kampuni alipouliza watu wa Ruiru wamesemaje, nilimwambia wameipenda. Ikawa imekodiwa tena, ikazunguka na sisi mpaka ilipochakaa. Miaka mingi baadaye redio ilipotangaza kwamba watu wametua mwezini, mzee mmoja wa Ruiru alinitumia salamu kwamba habari hizo zimechelewa.

Hali ya Hatari ilipolegea tulirudi shambani kwa Mama Wanjiru na picha nyingine, ya kuchekesha, siikumbuki hata kidogo. Tulikuwa bado tunateremsha jenereta alipokuja. Hakuja na maji safari hii.

"Amerudi," akasema. "Mje mnywe chai, wewe na Fundi."

Tulimkuta mume wake amesimama nje ya nyumba, mtu mrefu aliyekonda, shati limemzidi. Alitusalimia vizuri, akauliza habari za Thika, akauliza kama mto umejaa. Nilimjibu kwamba bado. Mvua ikaanza kudondoka, Mama Wanjiru akatuita ndani. Mume wake alituacha tupite kwanza, mimi na Fundi. Tukaketi. Kisha yeye akaja.

Alikuwa anaingia kwa mgongo. Alikuwa amekaza macho barabarani, kule lilikotokea lori lililomchukua, na miguu yake ikitafuta kizingiti nyuma yake polepole. Nilimtazama Fundi. Fundi alikuwa anatazama chini.

Mama Wanjiru aliniona uso wangu ulivyo.

"Usishangae," akasema. "Majirani walisema ameharibika kichwa. Walitaka nimpeleke hospitali. Mimi nikawaambia wanyamaze, hawajui kitu. Nilishaona sinema. Hivyo ndivyo wanarudi."

Akaweka birika chini, akaenda mlangoni, akamwekea mumewe mkono mgongoni, akamwingiza ndani.